Kona ya Mwalimu: Moto Uwe na Pumzi Yake, Nawe Uwe na Yako

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kumsaidia mtoto kusoma nyumbani hata kama mzazi mwenyewe hakusoma. Asanteni wote mlionisimamisha njiani kuniambia mawazo yenu. Wengine mlinisifu, wengine mlinigombeza, yote nimepokea.

Mwezi huu ni habari ya baridi. Juni imeshaingia, na sisi tulio hapa Dzaleka tunajua Juni na Julai zikoje. Asubuhi watoto wanafika darasani wamekunja mikono ndani ya shati, kalamu haishikiki, na mwanzo wa kipindi unaisha kwa kupuliza vidole. Nyumbani ni hivyo hivyo. Usiku ukifika kila familia inatafuta njia yake ya kupata joto. Na kuna njia moja ambayo wengi wetu tunaitumia, ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika. Lakini nitaanzia mbali kidogo, ndani ya lori huko Marekani. Mnivumilie, tutarudi nyumbani.

YAYA NA LORI LAKE

Kaka yangu mkubwa aliondoka hapa kambini mwaka 2016. Nyumbani tunamwita Yaya. (Wenye Kiswahili cha Tanzania msicheke. Kwetu Kongo yaya ni mkubwa wako wa kuzaliwa, si mlezi wa watoto.) Walimpeleka Fargo, katika jimbo la North Dakota, kaskazini kabisa mwa Marekani, jimbo linalopakana na Kanada. Alianza na kazi ya kiwandani, akajifunza udereva, na tangu mwaka 2021 anaendesha lori kubwa la trela. Barabara yake kubwa inatoka Fargo inakwenda magharibi, inapita Bismarck, mpaka Billings katika jimbo la Montana. Ni karibu kilomita elfu moja.

Sisi huku tulikuwa tunadhani dereva wa Amerika analala hotelini. Siku moja mama akamuuliza kwenye simu:

"Papa, usiku unalala wapi?"

"Ndani ya lori, mama."

Mama akanyamaza kwanza. Halafu akasema, "Ndani ya lori, kama mzigo?"

Yaya alicheka sana, lakini ni kweli. Sheria ya kule inasema dereva wa lori la mizigo asiendeshe zaidi ya saa 11, na hizo saa 11 ziishe ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi. Baada ya hapo lazima apumzike saa 10 mfululizo. Kuna chombo ndani ya lori kinaandika kila kitu, huwezi kudanganya. Kwa hiyo saa zikiisha anaegesha kwenye kituo cha malori, popote alipofika. Nyuma ya viti kuna kitanda kimoja chembamba. Hapo ndipo nyumbani kwake mpaka asubuhi.

Sasa fikirieni Januari ya huko. Kwetu Januari ni mvua na mahindi shambani. Kwake Januari ni barafu. Kuna usiku baridi inashuka mpaka nyuzi 25 au hata 30 chini ya sifuri. Friji ya kugandisha nyama inakuwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Maana yake nje ya lori la Yaya kuna baridi kuliko ndani ya friji ya nyama. Ukilala bila joto humo, hutaamka.

JOTO LINATOKA WAPI?

Njia ya kwanza ni kuacha injini inanguruma usiku kucha. Inaleta joto, ndiyo, lakini injini ya lori kubwa ikisimama inanguruma inakunywa dizeli (mazutu, kama tunavyosema Kongo) karibu lita 3 kwa saa. Wanafunzi wangu wa darasa la tano, pigeni hesabu: lita 3 mara saa 10 ni lita ngapi? Ni lita 30 kwa usiku mmoja, na lori halijasogea hata hatua. Tena injini inachakaa, majirani hawalali, na majimbo na miji mingine wamekataza. Kwa mfano California, lori likisimama halitakiwi kunguruma zaidi ya dakika 5.

Njia ya pili ni hita ndogo ya dizeli. Yaya alinitumia picha, nikashangaa. Hicho kitu urefu wake ni kama rula ya mwanafunzi ya sentimita 30, na uzito wake haufiki hata kilo 3. Kimefungwa chini ya kitanda. Nikamwambia, "Yaya, hiki ndicho kinachopigana na barafu yote hiyo?" Akasema, "Mdogo wangu, usidharau kifupi."

Inafanya kazi hivi. Pampu ndogo inavuta dizeli kutoka kwenye tangi la lori, tone kwa tone. Ukiwa kitandani unasikia sauti yake, tik, tik, tik. Kuna kijiti cha chuma kinachopashwa na umeme wa betri mpaka kinakuwa chekundu, ndicho kinachowasha hayo matone. Moto unawaka ndani ya chumba kidogo cha chuma kilichofungwa. Halafu feni inapuliza hewa ya ndani ya lori ipite kwa nje ya hicho chuma, ipate moto, itoke kitandani ikiwa na joto zuri. Hewa inapita ubavuni mwa moto, haiingii ndani ya moto.

Na dizeli? Hita kama hiyo inakunywa kati ya lita 0.1 na lita 0.28 kwa saa, kufuatana na ukali wa baridi. Kwa saa 10 ni lita moja hivi mpaka karibu lita 3. Linganisheni na zile 30.

Ina masharti yake. Ukiizima usikate umeme papo hapo, maana feni inaendelea kuzunguka dakika chache ipoze chuma. Betri ikichoka, hita inajizima yenyewe. Na kwenye baridi kali dizeli ya kawaida inaanza kuganda kama mafuta ya mawese ya asubuhi, kwa hiyo wakati wa barafu wanatumia dizeli iliyotengenezwa kwa baridi, au wanachanganya na dawa ya kuzuia kuganda.

Lakini jambo kubwa kuliko yote, ambalo ndilo nataka mlishike, ni hili. Moto wa hiyo hita hauvuti hewa ya ndani ya lori. Una bomba lake lililotoboa sakafu, linavuta hewa ya nje. Na moshi wake una bomba la pili, nalo linatoa nje. Yaya aliniambia kwa ufupi: "Hita ina pua yake nje na mdomo wake nje. Mimi na yeye tunalala chumba kimoja lakini hatuvuti hewa moja."

USIKU WA KENGELE

Mwezi wa Januari 2024 Yaya alikuwa amelala kwenye kituo cha malori, usiku wa manane. Juu ya kitanda chake amebandika kengele ndogo ya betri. Siyo kengele ya wezi, siyo ya moto. Ni ya kupima hewa yenye sumu. Dereva mmoja mzee ndiye aliyemwambia ainunue, akamwambia, "Hita yako ni nzuri, lakini bomba ni chuma, na chuma kinavunjika."

Usiku ule kengele ikalia. Yaya anasema aliisikia kama vile iko mbali sana, kama inalia kwa jirani. Kichwa kilikuwa kizito, kinapiga kama ngoma. Alitaka tu aizime alale. Alipoinuka, miguu ikawa haina nguvu, na kichefuchefu kikamshika. Akakumbuka maneno ya mzee, akafungua mlango, akajitupa nje kwenye theluji na blanketi begani.

Asubuhi fundi akaingia chini ya lori. Bomba la kutolea moshi wa hita lilikuwa limelegea kwa kutikisika barabarani, na moshi badala ya kwenda mbali ulikuwa unarudi ndani kupitia sakafu. Hakuna alichonusa. Hakuna alichoona. Angekuwa hana ile kengele, sisi tungepokea simu nyingine kabisa.

Hakutuambia wakati ule. Alificha ili mama asipoteze usingizi. Tulijua miezi sita baadaye, na tulijua kwa sababu ya mbabula yetu.

JULAI, NYUMBANI KWETU

Sasa tumerudi hapa Dzaleka. Ilikuwa Julai 2024, usiku wa baridi na upepo. Dada yangu alikuwa na mtoto wa miezi minne. Mama alipomaliza kupika, makaa yalikuwa bado mekundu kwenye mbabula. (Nasema mbabula, jiko la makaa, ambalo wenyeji wetu hapa wanaita mbaula.) Mama akasema, "Makaa haya tumeyanunua kwa pesa, yatupwe na mtoto anatetemeka?" Akaingiza mbabula ndani. Tukafunga mlango, tukaziba dirisha kwa gunia, hata lile tundu la juu ya ukuta tukaliziba kwa turubai. Tulikuwa watu watano. Kusema kweli tulilala vizuri, joto tamu kabisa.

Mimi ndiye niliyeamka kwanza, kwa kutaka kwenda msalani. Kichwa kilikuwa kinapasuka. Nilipofika mlangoni nilianguka magoti, lakini mlango ukafunguka. Hewa ya nje ikanipiga usoni. Nikamwita dada, akajibu kama mlevi. Mtoto alikuwa amelegea, halii. Tukamtoa nje, tukawatoa wote. Baada ya muda mtoto akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Asubuhi sote tulikuwa na kichwa na kutapika. Mama akasema, "Ni malaria, imetuingia nyumba nzima." Tulikuwa tunajiandaa kwenda kupima malaria tu, basi. Hapo ndipo Yaya akapiga simu ya kawaida ya kusalimia. Mama akamweleza ugonjwa. Yaya akanyamaza, halafu akauliza swali moja tu:

"Mama, jana usiku mbabula ilikuwa wapi?"

Mama akamwambia. Yaya akaanza kulia kwenye simu, mtu mzima, dereva wa lori. Ndipo akatueleza habari ya kengele. Akasema, "Huo ugonjwa wenu naujua. Nimelala nao. Mpelekeni mtoto kwa daktari sasa hivi, na semeni wazi kwamba mlilala na makaa ndani." Tulikwenda, tukasema, tukahudumiwa. Mtoto yuko mzima, siku hizi anakimbia ovyo na kupoteza viatu.

Najua majirani wengi mlisikia kwamba tulirogwa. Hatukurogwa. Tulivuta hewa moja na makaa.

HII HEWA NI KITU GANI?

Jina lake ni kaboni monoksidi. Inatokea pale kitu kinapoungua bila kupata hewa ya kutosha: makaa, kuni, mafuta ya taa, gesi, dizeli, petroli. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ndiyo maana inaua watu wenye akili zao.

Ndani ya damu yetu kuna kitu kinachobeba oksijeni, hiyo hewa nzuri, kuipeleka kwenye ubongo na moyo. Kinaitwa himoglobini. Mfikirie kama lori la mizigo. Sasa kaboni monoksidi inaling'ang'ania lile lori kuliko oksijeni, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200. Inapanda, inajaza nafasi, inakataa kushuka. Oksijeni inabaki stendi. Damu inazunguka, mapafu yanapumua, lakini ubongo unakufa njaa. Kwa mtu aliyelala ni hatari zaidi, kwa sababu anapita kutoka usingizini mpaka kifoni bila kuamka. Watoto wachanga, wazee, wenye ugonjwa wa moyo na mama mwenye mimba pamoja na mtoto aliye tumboni ndio wanaoumia haraka.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea miguu na kuchanganyikiwa. Ndiyo maana tunadhani ni malaria. Lakini angalieni tofauti hizi. Malaria haipigi watu wote wa nyumba kwa saa moja. Na ugonjwa wa makaa mara nyingi unapungua ukitoka nje, unarudi ukiingia ndani. Ukiona watu wa nyumba moja wameamka wote na kichwa, ulizia moto kwanza.

MANENO NINAYOSIKIA NJIANI

Tangu siku ile nimekuwa nikiongea na watu, na majibu yanafanana. Naomba niyajibu hapa kwa heshima.

"Mimi naingiza makaa yakishaisha moshi." Mama yangu, hapo ndipo penye mtego. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa hewa hiyo kwa wingi, kimya kimya. Moshi unakukera, unakukohoza, unakufukuza. Hii haikufukuzi.

"Mimi nayafunika na majivu." Chini ya majivu yanaendelea kuungua polepole, tena kwa hewa kidogo. Bado yanatoa sumu.

"Mimi naweka sufuria ya maji juu yake." Maji hayaikamati hiyo hewa. Utapata mvuke tu.

"Naacha ufa kidogo mlangoni." Ufa haumtoshi mtu na mbabula kwa usiku mzima. Ukipika ndani kwa sababu ya mvua, fungua mlango na dirisha, na kabla ya kulala mbabula itoke.

"Nikiiacha nje wataiba." Hilo ni kweli, na silicheki, maana wameiba nyingi. Sisi tunayazima makaa kabisa. Tunayamimina kwenye sufuria kuukuu yenye mfuniko, au tunayafukia kwenye udongo, nje ya nyumba. Yakikosa hewa yanazimika, na kesho tunayatumia tena. Mbabula yenyewe, ikishakuwa tupu na baridi, ndiyo inaingia ndani kulala. Ikiwa tupu haina neno.

"Mwalimu, unatuambia habari za malori ya Marekani, na safari za huko zilisimamishwa Januari 2025. Zina faida gani kwetu?" Huyu aliyeniuliza alikuwa na uchungu, na najua kwa nini. Kuna familia hapa zilishauza vitu vyao zikingoja ndege. Sikuandika haya kumtamanisha mtu lori. Nimeandika kwa sababu mtu mwenye hita, betri, fundi na kengele bado karibu afe kwa hewa hii. Sisi ambao hatuna kengele tunalala nayo kwa sababu tu hatukuambiwa.

JOTO BILA MOTO NDANI

Sitaki kuwaambia "msifanye" halafu niwaache mtetemeke. Yaya anasema hata kwenye lori hita ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuzuia joto lisitoroke. Haya ni mambo yake na yetu tuliyoyachanganya, sisi tumeyajaribu.

1. Anza chini. Ardhi inanyonya joto la mwili kuliko hata blanketi linavyolitunza. Tandika maboksi yaliyokunjuliwa, magunia au majani makavu chini ya mkeka au godoro. Blanketi likiwa moja, kile ulichotandika chini kitaliongezea nguvu.

2. Punguza chumba. Madereva wanavuta pazia kati ya viti na kitanda, wapashe sehemu ndogo tu. Nasi tunaweza kuning'iniza kitenge au shuka kuzunguka mahali pa kulala, kikatize upepo. Lakini tundu la hewa juu ya ukuta usilizibe.

3. Chupa ya maji ya moto. Pasha maji nje wakati makaa ya chakula bado yapo. Maji yawe ya moto lakini yasiwe yanachemka, maana chupa ya plastiki itajikunja. Funga kifuniko kwa nguvu, igeuze uone kama inavuja, izungushie kitambaa, iweke miguuni. Kwa mtoto mchanga, pasha nayo matandiko kwanza, halafu itoe kabla ya kumlaza.

4. Tofali au jiwe kavu. Liweke karibu na makaa nje, lipate joto, lizungushie gunia au nguo nzito, liweke chini kwenye miguu. Usichukue jiwe la mtoni, likiwa na maji ndani linaweza kupasuka kwenye moto. Ukishindwa kulishika, bado ni la moto sana kwa kitanda.

5. Vaa nguo kavu za kulalia, mbili nyepesi kuliko moja nzito. Kichwa na miguu vifunikwe. Soksi za mchana zina jasho, zivue.

6. Laleni pamoja, watoto katikati. Na kama uji upo, uliwe jioni ungali moto. Tumbo lenye kitu linapasha mwili.

Kama umemkuta mtu amelegea kwenye nyumba yenye makaa, fungua mlango, mtoe nje kwanza, watoe wote, hata anayesema yuko sawa. Usikae ndani kumwamsha. Halafu zahanati, na useme maneno haya haya: "Walilala na makaa ndani." Usione haya. Mganga asipojua habari ya makaa atatafuta malaria, na muda unakwenda.

KABLA SIJAFUNGA

Mama hakupenda niandike habari hii. Aliniambia, "Utawaambia watu nilitaka kuwaua wajukuu?" Nikamwambia hapana, mama, nitawaambia ulitaka kuwapa joto. Hakuna mama hapa Dzaleka anayeingiza mbabula kwa ubaya. Tunaingiza kwa upendo, na ndiyo maana ni vigumu kuacha. Akafikiri siku mbili, halafu akasema, "Basi andika, lakini uandike pia kwamba nilikuwa sijui." Nimeandika, mama.

Siku hizi Yaya akipiga simu kutoka barabarani haulizi tena afya kwanza. Anauliza, "Mama, mbabula iko wapi?" Mama anajibu, "Iko nje, papa. Na bomba lako umelikagua?" Yaya anasema amelikagua. Ndipo salamu zinaanza.

Maswali ya kuongea nyumbani jioni hii:

Kwa watoto: Je, unaweza kumweleza bibi au babu kwa nini makaa yasiyo na moshi bado ni hatari?

Kwa wazazi: Mbabula yetu inalala wapi? Tundu la hewa la nyumba yetu liko wapi, na limezibwa na nini?

Kwa wote: Ni jirani gani ana mtoto mchanga, mzee au mgonjwa, na hajasikia habari hii? Nani atakwenda kumwambia kabla ya kulala?

Mwenye njia nyingine ya kupata joto bila moto ndani, aniletee darasani au anisimamishe njiani kama kawaida. Nitaziandika toleo lijalo. Wasiojua kusoma, tafadhali wasomeeni.

Laleni na joto, muamke wote.

Ni mimi, mwalimu wenu wa kujitolea.